Papa Rachidi na Fishi ya Baba Watatu

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Papa Rachidi Lukanga anastaafu katika biro yetu ya utafiti. Mtaa mzima wa Mabanga unaweza kupumua sasa: hakuna tena mutu wa kubisha hodi na kuuliza baba yako alifanya kazi gani.

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Tunachunguza kama watoto wa Goma wamepanda kimaisha kuliko wazazi wao, wameshuka, au wako palepale. Papa Rachidi alizunguka na fishi zake, zile karatasi za maswali, toka mtaa wa Majengo hadi vilima vya Masisi, wala hakukataa chai ya mutu. Tumbo lake ni ushahidi.

Mwaka wa kwanza alileta fishi ya dereva mmoja wa Majengo, Idriss, mwenye baba watatu: mchuuzi wa samaki wa Vitshumbi, fundi cherehani, na mwalimu. Mkurugenzi wa wakati ule, mgeni kwetu, alidhani mutumishi wake amelewa, Rachidi huyu anayeswali mara tano kwa siku. Akaagiza kila fishi ibaki na baba mmoja, la sivyo Rachidi atafute kazi nyingine.

Alikataa katakata. Alieleza kwamba huku kwetu ndugu ya baba ni baba, na mara nyingi ndiye aliyekusomesha. Ukimfuta, utasema mutoto amepanda peke yake, na huo ni uongo. Kisha akaficha fishi mia nne chini ya kitanda, Mama Jamila mke wake akazilalia wiki tatu, akinung'unika. Tuliogopa sana atafukuzwa. Wengine tulishaanza kuitamani meza yake, maana iko dirishani.

Bila fishi zile hakukuwa na ripoti, basi mkurugenzi alilegea. Fishi zikapata mistari mitatu ya baba, na ndipo tulipogundua kwamba wengi waliopanda walipandishwa na baba mukubwa au baba mudogo.

Papa Rachidi na Mama Jamila hawakujaliwa kuzaa. Kwenye fishi yake mwenyewe, mahali pa watoto, aliandika sifuri. Mwezi uliopita mwenzetu Exaucée alirudi toka Mabanga na fishi sita za watu wa ukoo mmoja: muuguzi, fundi umeme, walimu wanne. Kwenye mistari ya baba, wote sita walitaja kazi moja iliyotuchekesha, kisha ikaturudisha kwenye ile sifuri yake: kuuliza watu habari za baba zao.

Papa Rachidi, asante sana. Ile sifuri tumeifuta. Kapumzike nyumbani na Mama Jamila, na mutusalimie watoto wenu sita.