Barakoa ya Breki

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umebonyea upande anaokaa Taarifa. Mimi ndiye ninayemimina kahawa, kwa hiyo nasikia yote na silazimiki kuamini lolote. Asubuhi hiyo Breki, dereva wa lori la saruji, alifika na begi la kijivu akaliweka katikati yetu. Macho yalikuwa mekundu, na juu ya pua alikuwa na alama kama ya mtu aliyeazima miwani isiyomtosha. Ndani ya begi mlikuwa na mashine ya hospitali ya kumsukumia hewa akilala, maana Breki ana ule ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini: anakoroma, ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Alikuwa njiani kwenda kuirudisha.

BREKI: Nimeshindwa, ndugu zangu. Barakoa inavuja. Hewa inatoka penye pua, inanipuliza machoni usiku kucha. Afadhali nikorome.

TAARIFA: Nina taarifa. (Huwa hakosi.) Barakoa zile hupimwa kwa pua za huko zinakotengenezwa. Pua yako haikuwemo kwenye hesabu.

KINYOZI: Pua haina kosa. Masharubu hayo. Mpira unatafuta ngozi, unakuta kichaka. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

BREKI: Mwenzangu nani kanyolewa?

KINYOZI: Hakuna. Ndiyo maana uanze wewe.

Pancha, anayeziba matairi ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshakuja na kopo lake la sabuni.

PANCHA: Kinachovuja kina tundu, na tundu halionekani kwa macho, linaonekana kwa povu. Washa.

Kinyozi akavuta waya wa umeme kutoka ndani. Breki akakaa wima, akavaa, mashine ikaanza kuvuma. Pancha akampaka povu kuzunguka barakoa yote, kwa brashi, bila kumwonea haya. Tukainama kutazama. Povu lilitulia tuli, halikutoa hata kiputo kimoja.

PANCHA: Haivuji.

BREKI: Hata hospitali walinikalisha kwenye kiti, haikuvuja. Ikifika kwangu ndiyo inaasi.

Pancha akarudi kukaa kama aliyefiwa. Lakini Taarifa alichangamka.

TAARIFA: Basi kosa ni la nyumba. Hewa ya usiku ni nyembamba kuliko ya mchana. Hii ya mchana ni nene, haipenyi. Ya usiku inapita popote.

KINYOZI: Kweli bwana. Ndiyo maana mbu huingia usiku.

PANCHA: Au mpira unasinyaa kwa baridi. Dawa yake kukaza mikanda. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

BREKI: Nakaza kila siku. Hii alama ya pua unadhani imetoka wapi?

TAARIFA: Hujakaza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Vuta huko, Pancha.

Wakavuta, mmoja huku na mwingine huku, mpaka mashavu ya Breki yakafura pembeni kama unga uliozidi bakuli. Ndipo ilipoanza kuvuja, fyuuu, na povu lote likamwingia jichoni.

KINYOZI: Sasa mmeiharibu. Niliwaambia masharubu.

Akaiinua barakoa, na kabla Breki hajapangusa jicho, wembe ulikuwa umeshapita. Nusu ya masharubu ilidondoka kwenye kikombe changu kisafi.

PANCHA: Mimi ninayo gundi ya viraka. Haijui mvua wala jua.

BREKI: Asubuhi nitaibanduaje?

PANCHA: Haibanduki. Hapo ndipo penye sifa yake.

TAARIFA: Gundi ya nini? Mtafutieni tairi la trekta, alale humo ndani. Hewa iko humohumo, barakoa ya kazi gani?

Nilimwona Kinyozi akilifikiria jambo hilo kwa dhati.

Breki akaivua barakoa. Hakucheka.

BREKI: Juzi nilisinzia kwenye mteremko, saruji nyuma yangu. Nilizinduka gurudumu liko kwenye majani, na mbele yangu watu wanavuka. Bila mashine nasinzia. Nikiivaa, silali. Sasa mniambie nirudishe au nisirudishe.

Mzaha ulituishia wote, na mimi niliona aibu ya kile kicheko nilichokuwa nimekibana.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwahi kufika kijiweni kabla ya siku hiyo. Alilikosa begi chumbani akalifuata. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mumewe, kwa sababu kila pumzi ya mume ikikatika, anayebaki akisubiri irudi ni yeye.

MKE: Habari zenu, shemeji zangu. Mnamfanya nini?

TAARIFA: Tunapima barakoa, shemeji. Tumepima kila kitu.

MKE: Mmempima amekaa hivyo?

KINYOZI: Angekaaje tena?

MKE: Kwani huyu hulala amekaa?

Pancha akatazama brashi yake.

MKE: Inukeni.

Tukainuka. Breki akajilaza chali kwenye benchi, miguu ikining'inia. Mkewe akalegeza mikanda yote tuliyoikaza, akawasha mashine, akaiinua barakoa kidogo mpaka ukingo wa mpira ukajaa hewa, akaishusha taratibu usoni. Ikalia kidogo. Akavuta mkanda wa chini, kidogo tu. Ikanyamaza.

MKE: Sasa geukia upande unaolalia.

Akageuka, shavu likalala, mpira ukatoa mluzi. Mkewe akaurekebisha tena kwa kidole, bila haraka, mpaka mluzi ukaisha. Akavuta kiti cha kunyolea, akakaa karibu na kichwa cha mumewe, mkono juu ya bomba la hewa.

Tulingoja mkoromo. Haukuja.

PANCHA: Kafa?

MKE: Kalala.

Aliendelea kusikiliza kama alivyozoea, akingoja pumzi ikatike. Haikukatika. Kichwa chake kikaegemea ukuta wa kibanda, mkono ukateleza kutoka kwenye bomba, naye akalala.

Mteja akaja kunyolewa, Kinyozi akamwashiria umeme una kazi. Breki alikuwa na nusu ya masharubu na hakuna aliyethubutu kuigusa nyingine.

TAARIFA: Na sisi tukae wapi?

Alinong'ona. Tulikaa chini, na kahawa niliimimina polepole ili isisikike ikiingia kikombeni.