Sardar Masih na Kikombe cha Msumarini

Marehemu Sardar Masih alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Nathupur, wilaya ya Lyallpur, siku hizi Faisalabad, nchini Pakistan, akiwa mtoto wa tatu wa Ditta Masih na Rakhi Bibi, wote marehemu. Babu yake hakuwa na jina la ukoo. Wenye mashamba walimwita kwa tusi ambalo Zarina Bibi, dada wa marehemu anayesoma wasifu huu, hatalitia kinywani mbele ya jeneza. Siku ya ubatizo mchungaji alimpa jina la Masih, yaani la Masihi mwenyewe, ili asitukanwe tena. Haukupita muda, watu wakaligeuza na hilo kuwa tusi, la kumaanisha mfagia vyoo. Inatia kichefuchefu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la kumi, akapata cheti cha ufundi wa umeme mwaka 1970. Hesabu alizipenda, ila kuamka alikuwa mvivu kweli kweli. Mama yake alimwamsha kwa maji ya mtungi hata wakati wa baridi.

Mwaka 1972 alipeleka cheti chake kwenye kiwanda kimoja cha nguo. Karani alisoma jina, cheti hakukifungua, akampa ufagio. Alifagia miaka sita kabla ya kuruhusiwa kushika waya. Hata alipokuwa fundi mkuu wa zamu, chai yake ilimiminwa kutoka juu, birika lisije likagusa kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini kando ya mlango wa choo. Hicho ndicho kilikuwa kikombe cha akina Masih. Sardar hakukigusa hata siku moja. Alistaafu mwaka 2011 bila kuonja chai ya kiwanda.

Alifunga ndoa na Surayya Bibi mwaka 1977 katika kanisa la Nathupur. Kila jioni alirudi na kiu, akanywa chai vikombe vitatu mfululizo, mkewe akimtania kwamba ameolewa na ngamia. Walijaliwa binti, Rifat, na mwana, Shamaun.

Shamaun alipopata kazi ya benki jijini Lahore, alianza kujiita Shamaun Gill. Akina Gill wako Wakristo, Waislamu na Masingasinga, kwa hiyo hakuna anayeuliza. Mwaka 2018 baba yake alikwenda kumtembelea bila kupiga simu, amebeba mfuko wa machungwa. Mpishi wa Shamaun alimuuliza jina, akasikia Masih, akadhani ni mzibuaji wa mitaro. Alimkalisha uani, akashusha kikombe msumarini, akamtilia chai.

"Hiki cha nani?" Sardar akauliza.

"Cha nyie akina Masih, mzee. Bwana hataki kichanganyike na vyombo vyake."

Huyo bwana ndiye Shamaun wetu, aliyebatizwa kwa jina hilo hilo! Alikitundika majirani wasije wakamshuku. Ptuu! Sardar alikunywa chai yote. Mwanawe alipofika, alimwambia, "Kiwandani nilikataa maisha yangu yote. Kwako nimekunywa." Akatumbukiza kikombe kwenye mfuko wa machungwa, akarudi kijijini.

Vumbi la pamba lilikuwa limemla mapafu. Alilazwa hospitalini Oktoba 2023, akarudishwa nyumbani, na huko akafariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 13 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana Shamaun alifika na msalaba wa kaburi uliokwisha kuchongwa jina: Sardar Gill. Hata maiti anafichwa! Dada wa marehemu nusura autupe mferejini. Surayya alikwenda jikoni, akamletea mwanawe chai katika kikombe kile, mbele ya waombolezaji wote.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Ni cha kwenu."

Shamaun aliinywa amesimama, machozi yakimdondokea humo humo. Alipomaliza aliomba patasi, akakaa chini na ule msalaba.

Marehemu ameacha mjane, Surayya Bibi, dada, Zarina Bibi, binti, Rifat, wajukuu wanne, na mwana, Shamaun Masih. Shamaun ameomba asomwe hivyo, na amesomwa. Ila ule msumari wa Lahore bado uko ukutani. Akaung'oe kwanza, ndipo shangazi yake atamwita hivyo mara ya pili.

Sardar Masih, pumzika kwa amani, na jina lako lote.