Mwalimu Evodia, Aliyefundisha Huku Akisoma Ualimu

Mheshimiwa Padri, wazazi wetu, walimu na majirani, mimi ni Flavian, mdogo wake marehemu. Kaka zetu wamenisukumia kazi hii wakisema sauti zao hazitoki. Yangu nayo ina mashaka, mnivumilie.

Dada Evodia alizaliwa tarehe 2 Novemba 1973, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Namanyere, mtoto wa tatu wa Mzee Oswaldi na Mama Hellena, wakulima wa mahindi na ulezi.

Alimaliza darasa la saba kijijini mwaka 1987, na kidato cha nne hapa Sumbawanga mwaka 1991. Likizo alitufundisha kusoma shambani, na aliyekosea neno aliongezewa tuta la kulima. Mimi nililima sana.

Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akawa na meza yake, naye aliuza mitumba mtaa wa Majengo, hapa mjini. Lakini moyo wake ulikuwa darasani. Januari 1996 alipata nafasi katika mafunzo ya ualimu ya Jumamosi na likizo. Sharti lilikuwa kwamba kila mwanafunzi awe na shule ya kufundisha kabla ya Februari kwisha, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Shule nazo zilitaka mtu aliyekwisha kusoma ualimu. Alizunguka mji mzima akirudishwa, na nyumbani akawa hali chakula vizuri.

Ijumaa, tarehe 23 Februari, aliitwa kwenye usaili Chanji, ambako wazazi wa mtaa huo walikuwa wamefungua shule yao. Waliomsaili ni Mzee Nyanda, mwenyekiti wa wazazi hao, na mwalimu mkuu, Mwalimu Bertilla. Wote wawili wako hapa. Dada aliingia, akachuchumaa na kupiga makofi kama tulivyolelewa kusalimia wakubwa. Mzee Nyanda akamwuliza andalio la somo ni nini.

"Hatujafika hapo, baba. Ni Jumamosi ijayo."

"Kwa hiyo sisi tukuajiri Jumamosi ijayo?"

Akaambiwa afundishe, wao wawe wanafunzi wake. Hapo ndipo malezi ya Kifipa yalipomponza. Angewapaje wazee mgongo? Akawa anaandika ubaoni akiwa amewageukia wao, mkono umepinda nyuma ya bega, herufi zinateremka kama mbuzi wanaokwenda mtoni. Mwalimu Bertilla alicheka mpaka akavua miwani. Dada akaweka chaki chini, machozi yakimlengalenga, akachuchumaa tena.

"Wazee wangu, naomba ruhusa niwape mgongo."

Mzee Nyanda akamwashiria ainuke. "Tumekupa, mwanangu. Lakini nikinyoosha mkono, geuka."

Akafundisha. Alipotoka, Mwalimu Bertilla alisema, "Hajui kitu huyu." Mzee akamjibu, "Ualimu atafundishwa huko chuoni. Heshima hawaifundishi. Jumatatu aje." Alifuzu mwaka 1998, na darasa la kwanza hakuliacha tena.

Tarehe 7 Oktoba 2000 alifunga ndoa na shemeji yetu Shija Malimi, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mahari ilipofika uani, baba aliwatazama wale ng'ombe, akauliza, "Sasa haya mapembe yote nani atayachunga?" Shija aliyachunga mwenyewe mwezi mzima, ndipo tulipojua dada amepata mume. Mungu aliwajalia watoto wawili, Limbu na Enock.

Mwaka 2003 alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Madaktari walisema ni moyo. Alitibiwa hapa mjini, kisha Mbeya, na mwezi wa nne mwaka huu alirudishwa hospitali ya hapa. Shuleni walianza kutafuta mtu wa kushika darasa lake. Mwalimu Bertilla alipokuja kumwona, mimi nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, dada aliuliza, "Watoto wako na nani?"

"Bado. Tumesaili wanne. Kuna binti mmoja, Salome, ana moyo, lakini chuo ameanza mwezi uliopita tu."

"Amekosea nini?"

"Karibu kila kitu."

Dada alicheka, kicheko kikamkata pumzi, nikamwinua. Ilipomrudia akasema, "Basi mchukueni, Mwalimu. Atakosea wapi tena, kama siyo kwetu?"

Salome aliingia darasani Jumatatu, tarehe 10 Mei. Alhamisi, tarehe 13 Mei 2004, alfajiri, dada yetu alifariki, akiwa na umri wa miaka thelathini. Inatuuma, na hatuoni haya kusema inatuuma.

Ameacha wazazi wote wawili, mume, watoto wawili, kaka wawili na wadogo watatu. Ameacha pia darasa la kwanza, lile pale limesimama mistari miwili na Mwalimu wake, Salome.

Mungu ampokee dada yetu na kumpumzisha. Darasa lina mwalimu.