Doña Casimira Choquevilca, Katibu Aliyebaki Kujibu

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, bibi yetu tunayemheshimu, Doña Casimira Choquevilca, anastaafu ukatibu wa chama chetu tarehe 30 Juni. Sisi ni wanawake wa kijiji cha Qaqapata, huku kwenye baridi ya milimani, tunaochambua mawe ya kifusi cha mgodi tukitafuta bati.

Alijiunga akiwa mjane kijana, mumewe akiwa amefukiwa shimoni. Hakuwa msemaji. Kwenye mkutano wake wa kwanza alisinzia, akaamshwa na makofi, akakuta ameshachaguliwa kuwa katibu. Alilalamika kwamba mwandiko wake hausomeki. Mpaka leo hausomeki. Lakini ndiye aliyetupigania tukapata zahanati, na mizani isiyotupunja.

Kisha likaja suala la bwawa la tope la mgodi, lililokuwa likivuja juu ya nyumba zetu. Tulifunga barabara kwa mawe tukidai lihamishwe. Mkubwa mmoja wa serikali alimwahidi udiwani endapo tungefungua barabara; Casimira alimkaribisha chai, kisha akatusimulia sote alichoahidiwa. Askari walipoanza kushuka kwenye malori, wengi tulitaka kubaki. Yeye aliwatazama watoto waliolala kando ya mawe, akasema turudi nyumbani. Tulirudi. Kuna waliomwita msaliti.

Mvua za Februari zilipokuja, bwawa likapasuka. Tulizika majirani kumi na tisa, akiwemo dada yake, Saturnina.

Viongozi wengine wa harakati walitoweka wiki ile. Casimira alipita kila nyumba yenye msiba, tope likimfika magotini. Nilikuwa naye kwa Benita Mamani, aliyefiwa na mwanawe.

"Mimi ndiye niliyesema turudi," alimwambia.

"Ungejuaje, mama?"

"Nilijua linavuja. Ndiyo maana tulikuwa barabarani."

Benita alimsogezea kigoda. Mpaka leo hajasema kama amemsamehe.

Bwawa limejengwa upya, palepale, tena refu zaidi. Vijana wamekwenda kuchuma zabibu Chile. Tumeitisha uchaguzi wa katibu mpya na hakuna aliyenyoosha mkono; hata mimi sikunyoosha. Kiongozi wa kweli, kama kumfuata huyu kumetufundisha lolote, ni yule anayebaki kujibu baada ya kushindwa. Tulikuwa naye, na bado hakutosha.

Asante, Doña Casimira. Nenda kwa binti yako kule mjini Tarija, kwenye joto. Kula vizuri, lala mpaka jua lipande, na wakikuuliza habari zetu usiwadanganye. Tunakutakia yale maisha mema ambayo sisi hatukuweza kukupa.