Sare ya Mawifi

JOSEPHA: Haloo? Nani mwenzangu?

ZENA: Mama Allen, ni mimi, Zena.

JOSEPHA: Zena yupi? Ongea kwa nguvu, hapa nje kuna spika inanadi mabeseni.

ZENA: Zena fundi cherehani, wa Magomeni. Natumia simu ya Rajabu wa bodaboda, yangu imezima chaji.

JOSEPHA: Aa, fundi wangu. Mambo? Nimeona namba ngeni nikajua wale matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii.

ZENA: Poa. Una wateja?

JOSEPHA: Ninao wawili wanashikashika tu vitenge, kununua hawanunui. Sema, habari za huko?

ZENA: Si nzuri. Umesikia ya Jangwani?

JOSEPHA: Yule mwanamke aliyeokotwa bondeni? Nani hajasikia. Tangu asubuhi redio ya jirani haijapiga hata wimbo. Wanasema mafuriko—

ZENA: Si mafuriko. Polisi wamesema aliuawa kwanza, ndio akatupwa majini. Hana kitambulisho, hana simu. Wanaomba anayeitambua nguo yake ajitokeze.

JOSEPHA: Masikini. Binadamu tumekuwa wanyama, Zena. Sasa wewe—

ZENA: Picha ya hiyo nguo umeiona?

JOSEPHA: Sijaiona na sitaki. Picha za maiti mimi sifungui.

ZENA: Maiti hayumo. Ni gauni peke yake, wamelitandaza. Nimekutumia. Fungua, nakusubiri.

JOSEPHA: Haya, ngoja.

[Spika inanadi kwa mbali.]

ZENA: Umeona?

JOSEPHA: Naona tope.

ZENA: Angalia begani, pale tope halikushika.

JOSEPHA: Tausi.

ZENA: Tausi wa njano kwenye zambarau. Sare ya mawifi, sendofu ya mdogo wako Nice. Nimezishona mimi zote.

JOSEPHA: Zena, hapa ni Kariakoo. Ukitundika kitenge kizuri leo, wiki ijayo wameshakikopi, kimejaa hadi Manzese.

ZENA: Hicho hukukitundika. Ulinitambia mwenyewe kwamba umechapisha cha mawifi watatu tu, wake wa ndugu zako, ili asije mtu baki akakivaa msibani.

JOSEPHA: Basi mmoja wao kampa dada wa kazi. Si wanagawa, wakinenepa wanagawa.

ZENA: Nimefuatilia kabla ya kukupigia. Gauni la Benedikta lipo hapa kwangu, kaleta nimpanulie. Jacqueline kanitumia picha ya lake, linaning'inia kabatini.

JOSEPHA: Anaeli yupo kwao Marangu.

ZENA: Nani kakwambia?

JOSEPHA: Mume wake, Elibariki. Mama yake Anaeli anaumwa, Anaeli kapanda basi Jumatatu kwenda kumuuguza. Tangu siku hiyo Eli analala kwangu, mchana ananisaidia hapa dukani.

ZENA: Huyo mama amenipigia leo, Mama Allen. Mzima kabisa, alikuwa anatoka sokoni kuuza ndizi. Ananiuliza mimi jirani kwa nini simu ya mwanawe haipatikani.

[Mtandao unakwaruza.]

ZENA: Upo?

JOSEPHA: Nipo. Nimekaa juu ya majora.

ZENA: Nataka kwenda polisi, na nataka twende wote. Mimi fundi tu. Mwenye kitenge ni wewe. Wataniuliza kama hakikuuzwa mtaani, nitajibu nini?

JOSEPHA: Usiende.

ZENA: Unasemaje?

JOSEPHA: Nikiulizwa nitasema niliuza. Niliuza jora zima kwa kila aliyepita. Basi, gauni linakuwa la mtu yeyote.

ZENA: Utaweza kusema hivyo?

JOSEPHA: Ni mdogo wangu, Zena. Mama alitutoka Eli hajaota meno. Nilimbeba mgongoni nikimpeleka kwa jirani akanyonye. Leo nimfunge pingu kwa mkono wangu?

ZENA: Na Anaeli? Manispaa wakamzike bila jina?

JOSEPHA: Usinifanyie hivyo—

ZENA: Nakufanyia. Nina hasira na wewe. Alikuja kwako jicho limevimba, ukamkanda kwa maji ya moto, ukampakia bajaji ukamrudisha. Hajavua hata viatu, nikawasikia ukutani wameanza tena.

JOSEPHA: Nilidhani watayamaliza.

ZENA: Si ndiyo yamemalizika.

JOSEPHA: Labda si yeye. Labda Anaeli alikorofishana naye akaondoka tu, Eli akaona aibu kuniambia. Labda hata hajui kwamba— Ngoja. Huyo anaingia.

ZENA: Nani?

JOSEPHA: Eli. [Kwa pembeni.] Ni mteja, anaulizia kitenge. … Umeongea na nani? … Na Anaeli? Saa hizi?

ZENA: Mungu wangu.

JOSEPHA: [Kwa pembeni.] Anatusalimia? Haya, salamu tumezipokea. Na mama yake? … Hawezi hata kukaa kitandani? Anaeli ndiye anamnywesha uji? … Pole yake.

[Spika inanadi mabeseni.]

ZENA: Mama Allen?

JOSEPHA: [Kwa pembeni.] Kaa hapo, mdogo wangu. Stoo utaenda baadaye. Supu yako nimeshaagiza, inakuja. [Kwenye simu.] Mama, bado upo hewani?

ZENA: Nipo. Anakusikia?

JOSEPHA: Ndiyo, mama. Kuhusu kile kitenge chako cha tausi. Hakikuuzwa. Sikuuza hata kipande.

ZENA: Nikawaambie hivyo?

JOSEPHA: Waambie hivyo hao wanaosubiri. Vilikuwa vitatu tu, na viwili unajua vilipo. Wakibisha taja jina langu, waje waniulize mwenyewe.

ZENA: Uko salama hapo?

JOSEPHA: Duka limejaa watu, mama, usiwe na wasiwasi. Ila waje sasa hivi, tusije tukafunga.

ZENA: Natoka. Rajabu ananipeleka na bodaboda. Mama Allen, nimekusema vibaya—

JOSEPHA: Umesema sawa. Na yule mama wa ndizi, tafadhali, asipigiwe na mtu mwingine. Nitampigia mimi.

ZENA: Utamwambia nini?

JOSEPHA: Sijui. Lakini ni mimi niliyeenda kwake kumposa mwanawe.

ZENA: Salio linakaribia kuisha, linalia—

JOSEPHA: Nenda basi, mama, nenda. [Kwa pembeni.] Hiyo supu imefika. Sogea hapa karibu na mimi, Eli. Wewe kula. Kula ushibe.

[Simu inakatika.]