Mkwe wa Hidrojeni Nzito

Seline, jirani yangu wa mtaa wa Lindi, alinisimulia haya Jumapili tukitoka kanisani. Basi la kutoka Kawangware lilikuwa nusu tupu. Mbele yake mama mmoja, Nasipwondi, alikaa na kijana asiyemjua, wakiongea kuhusu kazi.

"Natafuta hidrojeni nzito, mathe, kule nyota zinazaliwa, kwa galaksi za jirani."

"Na ukiipata unaibeba na nini?"

"Haibebwi. Darubini inashika tu mawimbi yake."

Nasipwondi akaguna. "Kama huyo Wanzala anayetaka Nelima wangu. Naye ati ni mtu wa nyota. Nikimpa binti, watakula mawimbi?"

Kijana akaruka kutoka kitini, akasimama. Kwetu Waluhya mkwe haketi na mama mkwe, wala hawasemeshani. Nasipwondi akaelewa kuwa ndiye Wanzala, akajifunika uso kwa leso. Hivyo Seline akapata kazi asiyoiomba, ya kupeleka maneno kati yao.

"Muulize huyo, hiyo kitu nzito inasaidia nani?"

"Mwambie mama inatuonyesha nyota huzaliwa kwa baridi gani."

"Muulize basi, kwa hiyo baridi Nelima atajifunika nini?"

Wanzala aliwaza mpaka basi likasimama kituo cha Olympic. "Mwambie blanketi iko."

Seline akageuka kupeleka jibu, akakuta Nasipwondi amelala fofofo.