Jaji Anayepita Mbele ya Benchi Letu

Benchi letu liko kwenye kona, ng'ambo ya lango la chuo cha sheria. Mimi fundi viatu hukaa mwisho kabisa, karibu na ukuta. Ukutani kuna tangazo: benchi na meza ya Mama Kahawa viondolewe, na mwenye pingamizi aandike kabla ya Ijumaa jioni. Tumelisoma wiki mbili nzima, tukalilaani, tukaagiza kahawa nyingine. Alhamisi asubuhi Mama alikuwa ameenda kuchota maji, katuachia birika tulinde. Akapita yule profesa aliyekuwa jaji wa mahakama ya katiba, mkoba mkononi, akatusalimia. Alipoingia langoni tu, midomo ikafunguka.

— Alifukuzwa yule, alianza Dereva, mstaafu asiyekosa jibu. Jaji mzima anaachaje gari la serikali aje kushika chaki?

— Nani kakwambia? akadakia Kinyozi. Kalikimbia joho. Joto lile, wewe!

— Hebu niacheni, nikasema. Viatu vyake natengeneza mimi. Enzi za ujaji vilikuja kung'arishwa tu. Siku hizi soli zinalika, maana anafundisha kasimama. Mtu aliyefukuzwa hapendi kazi namna hiyo.

Dereva akashusha sauti.

— Basi ana mpango. Anawafundisha mawakili wote. Miaka kumi ijayo, kila kesi, huku mwanafunzi wake, kule mwanafunzi wake, na jaji naye mwanafunzi wake. Hashindwi tena!

— Kwani alishindwa lini? nikauliza.

— Kesi ya wachuuzi, Kinyozi akanijibu. Majaji saba. Sita walisema waondolewe. Yeye peke yake akakataa.

Tukawa bado tunalitafuna hilo, akavuka barabara binti mmoja, daftari kifuani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Profesa kanituma. Darasani kwake tunaanza na hukumu yake ile iliyoshindwa. Aliandika kwamba mtu haondolewi mahali pake kabla ya kusikilizwa, tena kwa jina lake. Nimekuja kumwandikia mama wa kahawa pingamizi.

— Ee, safi kabisa! Dereva akaruka. Andika, binti, andika!

Tukabanana kumpa nafasi, akaketi, akafungua daftari.

— Mama anaitwa nani?

— Mama Kahawa.

— Hapana, jina lake. Alilopewa na wazazi wake.

Dereva akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Miaka kumi na moja nakunywa kahawa ya mama huyu. Nilipolazwa, aliniletea chupa ya kahawa ya moto hadi wodini, kila siku, akamwambia muuguzi jina langu na la baba yangu. Niliona aibu, jamani, aibu ya kweli.

Mama akatokea na ndoo yake. Akaitua chini, akatutazama mmoja mmoja.

— Kulikoni? Nyie mkinyamaza, mimi naogopa.